Kutoka Kisu Kikubwa Hadi Tundu Dogo: Historia Fupi ya Tiba ya Mgongo

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, wengi wetu tulilelewa na wazee wenye viuno vibovu. Wakati wa mkoloni, nchi yetu ya Uha, Kibondo na Kasulu, ilikuwa ghala la vibarua. Baba zetu walikwenda umanamba kukata mkonge Tanga, wakarudi Nduta na vijiji vya jirani wakiwa na blanketi, baiskeli kwa aliyebahatika, na mgongo usionyooka. Sisi tulidhani huo ndio uzee. Kumbe mara nyingine ulikuwa ugonjwa wenye jina.

Kati ya pingili na pingili ya mgongo kuna diski, kama mto mdogo, mgumu nje na laini ndani. Ikipasuka, ule ulaini hutokeza na kubana mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka hadi mguuni. Mwaka 1934 Mixter na Barr wa Boston, Marekani, waliandika jinsi walivyowapasua wagonjwa wa namna hiyo. Lakini kisu cha siku hizo kilikuwa kikubwa. Misuli ilibanduliwa mfupani na mfupa wenyewe ukakatwa, kwani jicho la daktari lilihitaji nafasi.

Kwa hiyo historia iliyofuata ni ya kulisaidia jicho. Mwaka 1975 Hijikata wa Japani alieleza namna ya kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye diski, akiongozwa na picha ya eksirei, mgonjwa akiwa amepigwa ganzi mahali pale tu. Mwaka 1977 Yaşargil na Caspar walieleza upasuaji wa diski kwa hadubini. Parviz Kambin wa Philadelphia naye alionyesha pembetatu iliyo salama kando ya mshipa, ambamo chombo chaweza kupita bila kuudhuru. Mwaka 1997 Foley na Smith wa Marekani wakaeleza mrija wenye kamera. Misuli husukumwa kando tu, na daktari hutazama kazi yake kwenye kioo kama cha televisheni. Mashine za CT na MRI nazo zilikwisha kumwonyesha diski mbovu kabla hajagusa ngozi.

Tusidanganyane, hata hivyo. Aliyetobolewa tundu dogo hupoteza damu kidogo na aghalabu hutoka hospitali mapema, lakini baada ya mwaka au miwili hali yake hulingana, kwa kawaida, na ya aliyepasuliwa vizuri kwa njia ya zamani. Tena wengi wenye diski hupona bila kisu.

Hapa nchini Profesa Philemon Sarungi alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kwanza Watanzania wa mifupa, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Sifa kwao. Lakini kutoka Nduta hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000. Tundu limekuwa dogo. Safari haijawa fupi.

Nawakumbusha mwenzetu mmoja. Tukiwa kidato cha pili alianza kulalamika mgongo. Tulimcheka kwamba anakwepa jembe katika shamba la shule, nami nilikuwa mmoja wa waliocheka. Akakonda, akawa anatoka jasho usiku, mwisho kibiongo kikamtoka na miguu ikafa. Kilikuwa kifua kikuu cha mgongo. Percivall Pott wa London alikwisha kuueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na siku zetu vidonge vyake vilikwishapatikana. Mwenzetu hakurudi darasani. Hata kamera bora duniani isingemfaa kuliko rafiki mmoja wa kumwamini mapema.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tusirudie kosa lile. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda upelekwe hospitali upesi. Mguu ukilegea, ganzi ikiingia mapajani kwa ndani, au mkojo ukishindwa kuzuilika, mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo. Nasi wanachama, ambao hatukosi kuchangia misiba, tuanze pia kuchangia nauli ya mgonjwa angali hai.