Gety: Chumvi ya Ziwa Albert, toka biashara ya wababu hadi dawa ya kuharisha

Wakaaji wa Gety, katika usultani wa Walendu Bindi, kusini mwa mji wa Bunia, wanajua chumvi ya dukani. Lakini kabla ya maduka, wababu wa pande zote za Ziwa Albert walitegemea chumvi iliyotoka kwenye maji ya ardhini.

Huko Kibiro, ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, kuna chemchemi za maji ya moto. Maji hayo hupanda kutoka chini kupitia nyufa za bonde la ufa, yakiwa yamebeba chumvi. Wanawake wa Kibiro humwaga udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi. Jua linapowaka, udongo hunyonya chumvi. Kisha huukusanya, huuweka ndani ya chungu chenye matundu, huupitishia maji, na maji yanayodondoka huchemshwa hadi chumvi ibaki. Udongo ule ule hurudishwa shambani. Mashamba hayo, mama humrithisha binti yake.

Emin Pasha aliieleza kazi hiyo katika miaka ya 1880. Mtaalamu Graham Connah alichimba pale mwaka 1989 na 1990, akaonyesha kwamba imefanyika kwa miaka mia kadhaa. Ardhi ya Kibiro haioti chakula vizuri, kwa hiyo chumvi ndiyo ilinunua chakula. Wafalme wa Bunyoro nao walipata faida.

Historia hiyo ina fundisho kwa familia zilizokimbia vita, kama makumi ya maelfu waliokusanyika Gety mwaka 2006. Maji yenye madini si lazima yawe maji salama. Maji ya chumvi nyingi huongeza kiu, na chemchemi inayong'aa inaweza kubeba kipindupindu, ugonjwa unaorudi mara kwa mara pwani ya ziwa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Lakini chumvi kidogo huokoa. Mtoto akiharisha, na pakiti ya dawa ya maji haipo, chukua litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Koroga, umnyweshe kidogo kidogo, huku mkielekea kituo cha afya. Usizidishe chumvi: ikizidi, inamdhuru.