Magari ya Halmashauri, Amri ya Jimbo

Wakulima wa New South Wales, mashariki mwa Australia, walikuwa wakipambana na moto wa nyika kwa matawi na magunia yaliyoloweshwa muda mrefu kabla ya serikali kujishughulisha nao. Mwishoni mwa karne ya 19, wakazi wa Berrigan, eneo la mashamba ya ngano, waliunda kikosi cha kujitolea kinachotajwa kuwa cha kwanza jimboni humo.

Sheria ya mwaka 1949 ilizipa halmashauri nguvu zaidi. Ziliunda vikosi, zikateua maofisa wa kudhibiti moto na kuwabana wenye mashamba wapunguze majani makavu kabla ya kiangazi, ambacho huko huanza Desemba. Ulikuwa utaratibu wenye akili, maana diwani anajua bonde lipi limeota nyasi ndefu na nani hafyeki shamba lake. Tabu ilikuja moto ulipovuka mpaka na kukuta kila halmashauri ina mkubwa wake.

Kiangazi cha 1993/94 kilimaliza ubishi. Mamia ya mioto iliwaka kwa pamoja, takriban hekta 800,000 zikaungua na watu wanne wakafa. Uchunguzi wa vifo hivyo ukataka amri itoke sehemu moja. Septemba 1997 sheria mpya ikaanzisha Huduma ya Zimamoto Vijijini ya jimbo, Phil Koperberg akiwa kamishna. Hata hivyo, maofisa wa moto walibaki waajiriwa wa halmashauri hadi 2001: amri kutoka kwa kamishna, mshahara kutoka kwa madiwani.

Mvutano wa magari ulidumu zaidi. Mfuko wa zimamoto ulichangiwa asilimia 73.7 na kampuni za bima (yaani wateja wao), 14.6 na jimbo na 11.7 na halmashauri. Lakini kifungu cha 119 cha sheria mpya kilisema vifaa vilivyonunuliwa kwa mfuko huo ni mali ya halmashauri. Nyingi ziligoma kuviingiza vitabuni, zikihoji kwa nini zibebe gharama ya uchakavu wa magari zisiyoyaamuru. Mkaguzi Mkuu wa jimbo naye hakulegeza: katika hesabu za 2021/22, makumi ya halmashauri yalipata hati yenye shaka. Anayefuatilia ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali hapa kwetu Tanzania, anajua uzito wa maneno hayo.

Na huo haukuwa ugomvi wa nchi isiyojua moto. Kiangazi cha 2019/20 kiliteketeza hekta milioni 5.5 na nyumba zaidi ya 2,400 jimboni humo.

Kuhamisha amri kutoka halmashauri si jambo geni kwetu: Tanzania nayo, kwa sheria ya 2007, iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lichukue kazi iliyokuwa ya halmashauri.

Kwa maoni yangu, madiwani wa New South Wales walikuwa na haki. Gari liandikwe kwa anayeliamuru, na halmashauri iachiwe kazi inayoiweza kuliko serikali ya jimbo iliyoko Sydney: kuhakikisha nyasi zimefyekwa kabla ya Desemba.