Utambuzi wa hitilafu za kuchaji katika pikapu za dizeli (Dar es Salaam)

Mfumo wa kuchaji wa pikapu ya dizeli una alteneta, katauti (kidhibiti cha volti), mkanda, betri na nyaya za kuviunganisha. Mafundi wa zamani bado huiita alteneta "dainamo". Huko Kinondoni na Temeke gari linalozungumziwa zaidi ni Toyota Hilux ya injini za 2L (cc 2,446), 3L (cc 2,779) na 5L (cc 2,986).

Dalili

Pampu ya dizeli ya injini hizi huzungushwa na injini yenyewe. Ikishawaka, umeme huhitajika kwa solenoidi ya kukata mafuta tu. Kwa hiyo pikapu isiyochaji hutoka Mbagala hadi Tegeta na shehena yake, dereva asione kitu ila honi iliyofifia. Kesho yake asubuhi inasukumwa au kubustiwa, na lawama zote huangukia betri. Betri mpya hununuliwa, nayo hulala baada ya siku chache.

Foleni za Barabara ya Kilwa na ya Bagamoyo huzidisha tatizo, kwani injini ikiwa sailensa alteneta hutoa umeme kidogo, hasa usiku wa mvua wakati taa na waipa vinafanya kazi pamoja.

Upimaji

Fundi makini huanza na mkanda: umelegea, umeng'aa, una mafuta? Kisha mita. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4. Ikibaki kwenye 12, hakuna kinachoingia. Ikipita 15, katauti imekufa na maji ya betri yatachemka. Taa ya betri kwenye dashibodi iwake ufunguo unapofunguliwa, izime injini inapowaka. Isipowaka kabisa, balbu, waya au kaboni za alteneta zikaguliwe.

Waya wa arthi husahauliwa mno. Mita ikiwekwa kati ya bodi ya alteneta na nguzo hasi ya betri, injini ikichaji, ikasoma zaidi ya volti 0.2, kutu imekwishakula maungio. Mahali penye hewa ya chumvi kama Dar es Salaam, brashi ya waya na msasa vimeokoa alteneta nyingi zilizokwisha kuhukumiwa.

Bisibisi ikigusishwa nyuma ya alteneta, karibu na beringi, ikavutwa, sumaku ya rota ipo. Jaribio la kuchomoa tamino ya betri injini ikiwaka, lililopendwa sana vichochoroni, ni la hovyo: huunguza daiodi zilizokuwa nzima.

Alteneta yenye pampu ya vakyumu

Hapa ndipo Hilux ya dizeli inapotofautiana na ndugu yake ya petroli. Nyuma ya alteneta imefungwa pampu ya vakyumu inayosaidia breki, nayo hulainishwa na oili ya injini kupitia bomba jembamba. Sili ya katikati ikichoka, oili hupenya ndani na kulowesha kaboni. Gari huchaji leo, kesho likagoma. Kubadilisha kaboni bila kubadilisha sili ni kazi ya kudumu wiki mbili tu. Fundi mwenye haraka hufunga alteneta ya injini ya petroli, isiyo na pampu: volti zinarudi, lakini pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe, gari likiwa na tani moja ya saruji mgongoni. Mpira wa oili ukipasuka, injini nayo huishiwa oili.

Mifumo ya volti 24

Baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani zina betri mbili na huchaji kwenye volti 28 hivi. Redio ikiungwa kwenye betri moja, hiyo hudhoofika na mwenzake huchajiwa kupita kiasi.

Vipuri

Hutafutwa Kariakoo na Gerezani, vingi vikiwa vya mtumba. Koili iliyoungua husukwa upya.