Ruzuku ya shule: Uganda ilivyotafuta mahali fedha zinapovujia

Afrika Mashariki haijawahi kupungukiwa mikakati ya kupambana na rushwa. Tanzania iliunda Tume ya Warioba mwaka 1996, ikaandaa mkakati wa taifa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, na mwaka 2007 Bunge likapitisha sheria iliyoianzisha TAKUKURU tunayoifahamu leo. Kinachorukwa mara nyingi ni hatua ya mwanzo: kujua fedha zinapotelea wapi hasa, kabla ya kuandika mkakati wenyewe. Uganda iliifanya hatua hiyo katikati ya miaka ya 1990, na ndiyo maana mfano wake bado unasomwa na wanaopanga mageuzi ya utumishi wa umma sehemu nyingi duniani.

Fedha zilitoka, hazikufika

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bajeti ya elimu ya msingi Uganda ilikuwa inaongezeka. Takwimu rasmi za shule, hata hivyo, hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Badala ya kukisia, serikali pamoja na Benki ya Dunia waliamua kuzifuata fedha hatua kwa hatua, kutoka hazina hadi wilayani, na kutoka wilayani hadi shuleni.

Mwaka 1996 watafiti walitembelea shule 250 za msingi. Walilinganisha vitabu viwili: kumbukumbu za fedha zilizotolewa na serikali kuu, na kumbukumbu za shule zenyewe. Fedha walizozifuatilia ni ruzuku ya uendeshaji, ile inayohesabiwa kwa idadi ya wanafunzi na kutumika kwa chaki, vitabu na matengenezo madogo.

Kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika shuleni. Na wastani huo unaficha jambo: shule nyingi hazikupata hata senti. Zilizopata zilikuwa zaidi zile za maeneo yenye wazazi wenye uwezo, watu wanaojua mlango wa kubisha. Kwingine kote fedha ziliishia wilayani, ambako viongozi walizielekeza kwenye mambo mengine, yakiwemo ya kisiasa. Wazazi ndio waliokuwa wakizibeba shule kwa michango yao.

Kwa nini mishahara haikupotea?

Hapa ndipo pa kuzingatia. Mishahara ya walimu ilipita kwenye serikali ileile, mikononi mwa watumishi walewale, lakini kwa kiasi kikubwa iliwafikia wenyewe. Mwalimu anajua mshahara wake ni kiasi gani na tarehe yake ni ipi. Ukipungua, atakuwa mlangoni kwa mhasibu kesho yake asubuhi.

Ruzuku haikuwa na mtu wa namna hiyo. Mzazi hakujua kama ipo. Mwalimu mkuu, mara nyingi, hakujua shule yake inastahili kiasi gani. Kwa hiyo tofauti kati ya fedha mbili zilizopita bomba moja haikuwa uadilifu wa maofisa. Tofauti ilikuwa kwamba moja ina mtu anayeidai, nyingine haina. Ukiikubali hoja hii, semina za maadili, ambazo karibu kila mpango wa mageuzi huanza nazo, zinashuka chini kabisa kwenye orodha.

Kilichofanyika

Serikali ya Uganda ilianza kuchapisha magazetini kiasi cha fedha kinachotumwa kila wilaya kila mwezi. Taarifa hizo zilisomwa pia redioni. Shule nazo zikaagizwa kubandika ubaoni kiasi zilichopokea, mahali ambapo mzazi anaweza kusoma bila kuomba ruhusa. Ufuatiliaji uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku yao.

Ritva Reinikka na Jakob Svensson, wachumi walioongoza uchambuzi huo, waligundua pia kwamba walimu wakuu wa shule zilizo karibu na mahali magazeti yanapouzwa walizijua kanuni za ruzuku vizuri zaidi, na shule zao zilipata sehemu kubwa zaidi ya haki yao.

Je, ni gazeti peke yake? Hapana, na wapo waliolipinga simulizi hilo. Mwaka 1997 Uganda ilianza elimu ya msingi kwa wote na wanafunzi wakafurika, kwa hiyo siasa nzima ya nchi ilikuwa imeelekea shuleni. Usimamizi wa fedha za wilaya nao ulikazwa, na wafadhili walikuwa wanafuatilia kwa karibu. Anayechukua tangazo la gazetini na kuliacha yote mengine anachukua kipande kimoja cha mashine.

Dawa hii ina mipaka pia. Inafanya kazi pale mwananchi anapoweza kulinganisha kilichoahidiwa na kilichofika. Kwenye manunuzi haisaidii sana. Zabuni ya daraja ikiongezwa bei mara mbili, daraja litajengwa na watu watalivuka. Nani kijijini anajua nondo na saruji zile zilipaswa kugharimu kiasi gani? Huko wanahitajika wakaguzi wenye ujuzi wa bei, na mpango unaotegemea mbao za matangazo peke yake utawapita wezi wakubwa bila kuwagusa.

Na huku kwetu Tanzania?

Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji inatumwa kutoka Hazina moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, bila kupitia halmashauri. Huo ni uamuzi mzuri wa mpangilio: kila meza iliyoondolewa njiani ni mahali pamoja pungufu pa kuvujia. Lakini akaunti ya shule nayo ina watu, na swali la nani anayejua linabaki palepale.

Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mwaka 2016 ilielezwa kuwa 4,000 kati ya hizo zinabaki serikalini kununulia vitabu, na 6,000 zinakwenda shuleni. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi 400 inatarajia shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Ni hesabu ya dakika moja, lakini ukiuliza wazazi kumi getini, huenda usimpate hata mmoja aliyewahi kuipiga.

Pa kuanzia ni kamati ya shule, ambayo ndani yake wazazi wana wawakilishi, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Uliza kwanza kiwango cha sasa na idadi ya wanafunzi waliosajiliwa, kisha kiasi kilichoingia kwenye akaunti, mwezi kwa mwezi. Hesabu zikikataa na majibu yakikosekana, simu ya TAKUKURU ni 113, na kuipiga ni bure.