Mbio za Clash na Sheria Iliyomkataza Mtazamaji Kuweka Dau

Jioni ya tarehe 2 Februari 2025, katika uwanja wa Bowman Gray mjini Winston-Salem, jimbo la North Carolina, magari 23 yalizunguka mara 200 katika njia ya robo maili, na Chase Elliott, aliyekuwa mbele katika mizunguko 171 kati ya hiyo, akatwaa ushindi wa mbio ambazo Wamarekani huziita Clash, yaani mbio za maonyesho zinazoufungua kila msimu wa magari ya stoki bila ya kumwongezea dereva hata pointi moja katika hesabu ya ubingwa. Wapenzi wa mchezo walishangilia kurejea kwa madereva wa daraja la juu la NASCAR, chama kinachoendesha mbio hizo, katika uwanja ambamo hawakuwa wameshindana tangu mwaka 1971, na furaha hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililostahili kuandikwa katika taarikh ya mbio hizo, nalo ni kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza tangu zilipoanzishwa mwaka 1979, mtu aliyeketi jukwaani aliweza kutoa simu yake mfukoni, akaweka dau juu ya dereva anayemtazama kwa macho yake, wala asiwe amevunja sheria ya jimbo alilomo.

Kabla ya hapo Clash zilikwisha kukimbiwa mara 46, kwanza katika uwanja wa Daytona, Florida, hata mwaka 2021, kisha miaka mitatu ndani ya uwanja wa Coliseum wa Los Angeles, California, na katika miaka hiyo yote hapana hata mwaka mmoja ambao sheria ya mahali palipokimbiwa mbio ilimruhusu mtazamaji kuzibahatisha. Florida ilifungua mlango wa kamari ya simu mnamo Novemba 2021, ilhali Clash za mwisho za Daytona zilikuwa zimekwisha tangu Februari ya mwaka huo huo. Na wananchi wa California walipoulizwa kwa kura mwezi wa Novemba 2022 kama wairuhusu kamari ya michezo, waliyakataa mapendekezo yote mawili yaliyowekwa mbele yao. Basi hata mwaka 2018 aliyetaka kulitia dau lake kwa halali alilazimika kuwa Nevada, mbali na moshi na mngurumo wa magari, mbele ya ubao wa kasino ya Las Vegas.

Mtu asidhani kwamba mbio hizi zilianza kwa nia takatifu ya michezo zikaja kuharibiwa na fedha baadaye, kwani zilizaliwa na fedha. Mwenye wazo lake alikuwa Monty Roberts, aliyesimamia biashara ya bia ya Busch, ambaye kampuni yake ilikuwa ikimtuza kila dereva aliyepata nafasi ya kwanza ya kuanzia katika mbio za msimu, naye akaona kwamba hao waliotuzwa wakikusanywa Daytona wiki moja kabla ya mbio kubwa ya Daytona 500, wakapewa maili 50 tu na fungu zito la dola, watu watatazama na jina la bia litasomwa. Mwaka 1979 walijitokeza madereva tisa, wakapangwa kwa kura, wakazunguka mara 20 kwa muda usiofika dakika 16, na Buddy Baker akaondoka na dola 50,000. Tajiri hakupunjika, na mtazamaji hakudhulumiwa. Nami nathubutu kusema kwamba mpango ule wa mwanzo, ulioingiza uwanjani wale tu walioonyesha kwa vitendo kwamba ni wepesi kuliko wenzao, ulikuwa bora na wa haki kuliko yote iliyofuata.

Mpenda kamari aliyezitazama Clash kwa makini alikuta ndani yake mambo yasiyopatikana katika mbio nyingine za mwaka. Washiriki walikuwa wachache, hivyo kila jina lilibeba fungu kubwa la uwezekano. Nafasi za kuanzia zilitoka kwa kura, hivyo aliye hodari aliweza kujikuta nyuma. Na kwa kuwa hapakuwa na pointi za kulinda, dereva ambaye katika mbio za kawaida angekubali nafasi ya tano na kushukuru, hapa alijitosa penye mwanya mwembamba kama kwamba hakuna kesho. Tangu mwaka 1988, injini za magari yanayokimbia Daytona zilipoanza kuwekewa bamba lenye matundu la kubana hewa ili kupunguza mwendo, magari yote yakawa ya kasi takriban moja, yakaenda kwa kundi, bapa kwa bapa, na hesabu ya nani ni mwepesi ikapungua thamani mbele ya hesabu ya nani yuko mahali gani mzunguko wa mwisho unapowadia. Tangu mwaka 1991 hata 1997 mbio zilikatwa vipande viwili vya mizunguko kumi kumi, na katika kipande cha pili mpangilio ukageuzwa, aliyetangulia akaanza nyuma. Hata hivyo Dale Earnhardt alishinda mara sita, mwaka 1980, 1986, 1988, 1991, 1993 na 1995, jambo linaloonyesha bayana kwamba nasibu haikuwa peke yake mezani. Na mwaka 2006 Denny Hamlin, ambaye ndio kwanza alikuwa anauanza msimu wake wa kwanza mzima, akawashinda wakongwe wote.

Husuma iliyoamua mahali pa kamari hii, walakini, haikuwa ya madereva, bali ya majimbo na serikali kuu, na anayetaka kuielewa hana budi kuisoma hukumu ya mwaka 2018 aliyoiandika Jaji Samuel Alito wa Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo ndiyo niliyoifuata katika maelezo haya. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoyakataza majimbo kuidhinisha kamari ya michezo, ikaiacha Nevada iendelee na desturi yake, na majimbo machache mengine yakabakishiwa michezo midogo midogo yaliyokuwa nayo. Mtetezi wake mkubwa alikuwa Seneta Bill Bradley, aliyewahi kuwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu wa New York Knicks, mtu aliyeamini kwa dhati kwamba mchezaji asigeuzwe kuwa karata mkononi mwa mcheza kamari. Naye alikuwa mwakilishi wa New Jersey, jimbo lile lile ambalo baadaye lingeibomoa kazi yake. Sheria iliipa New Jersey, kwa ajili ya kasino zake za Atlantic City, mwaka mmoja wa kujiamulia, nayo ikauacha mwaka ule upite.

Majuto yalikuja kasino zilipoanza kufilisika. Mwaka 2011 wananchi wa New Jersey walipiga kura kukubali kamari ya michezo, mwaka 2012 gavana Chris Christie akatia sahihi sheria ya kuiidhinisha, na mwaka ule ule vyama vikubwa vya mpira wa kikapu, besiboli, hoki na mpira wa Kimarekani, pamoja na kile cha michezo ya vyuo vikuu, vikamshitaki. Jimbo lilishindwa, likarudi mwaka 2014 na hila nyingine ya kisheria: safari hii halikuidhinisha chochote, bali lilifuta tu makatazo yake lenyewe katika kasino na viwanja vya mbio za farasi, likashindwa tena. NASCAR haikuwamo miongoni mwa washitaki, lakini hatima ya kamari ya mbio zake ilikuwa imefungwa katika kesi ile ile, na kwa miaka sita mawakili walibishana juu ya swali ambalo mtu wa kawaida angeliona la ajabu: je, serikali kuu inaweza kuliamuru jimbo lisiifute sheria yake lenyewe?

Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilijibu kwamba haiwezi. Jaji Alito alieleza kwamba Bunge, likitaka, lina uwezo wa kuitungia kamari ya michezo sheria ya moja kwa moja, ila halina uwezo wa kuyaamrisha mabunge ya majimbo yatunge au yasitunge nini. Na kwa kauli ya majaji sita kati ya tisa, sheria yote ya mwaka 1992 ikaanguka. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Juni, gavana mpya Phil Murphy alikwenda uwanja wa mbio za farasi wa Monmouth Park akaweka dau la kwanza halali la michezo katika jimbo lake, sehemu yake ikiwa ni kwamba Ujerumani ingelitwaa Kombe la Dunia, na msomaji anakumbuka kwamba Ujerumani ilitolewa katika makundi. Mkeka wa gavana ukachanika kama mikeka ya raia wengine. Mimi naiona hukumu ile kuwa ya haki, kwani hapakuwa na hoja iliyonyooka ya kuhalalishia Las Vegas jambo ambalo Daytona ni haramu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka. Mwaka 2019 NASCAR iliingia mkataba na kampuni ya Genius Sports juu ya takwimu za mbio. Clash zenyewe ziliendelea kuwaumbua wenye kutabiri: mwaka 2020, katika ajali zilizofuatana hata mizunguko 75 iliyopangwa ikafika 88, Erik Jones alishinda kwa gari lililobondeka mbele, akisukumwa na mwenzake Hamlin aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima; na mwaka 2021 Ryan Blaney na Chase Elliott, waliokuwa wakiwania ushindi, waligongana katika kona za mwisho kabisa, Kyle Busch akapita na kuuokota.

North Carolina, ambayo ndiyo makao ya timu nyingi za mchezo huu, ilipata sheria yake tarehe 14 Juni 2023, gavana Roy Cooper alipoitia sahihi, na kamari ya simu ikaanza tarehe 11 Machi 2024. Makampuni hulipa ushuru wa asilimia 18, na sehemu ya ushuru huo hugawiwa idara za michezo za vyuo vikuu kadhaa vya umma, kikiwemo Chuo Kikuu cha Winston-Salem State, ambacho timu yake ya mpira wa Kimarekani huchezea katika uwanja huo huo wa Bowman Gray. Yaani anayepoteza dau lake jukwaani Februari anachangia, pasipo kujua, kuendesha timu itakayocheza mbele ya jukwaa hilo msimu wa mpira ukifika. Kuwa vijana wa chuo wanafaidika ni jambo jema. Ila fedha hiyo imetoka katika hasara za watu, na baadhi ya watu hao hawana uwezo wa kujizuia.

Kwa ajili yao sheria imetenga dola 2,000,000 kwa mwaka za elimu na matibabu ya uraibu wa kamari, ilhali ushuru wa mwaka wa kwanza peke yake ulizidi dola milioni 100. Fungu hilo ni dogo mno, na Bunge la North Carolina, lililoona vema kuchukua asilimia 18, halina udhuru wa kutoliongeza.