Pepo Mbili na Mji Mmoja: Mambo ya Kutazama Zanzibar

Ni desturi ya kitabu cha maadhimisho kama hiki kuorodhesha waasisi na wafadhili wa hekalu. Heshima hiyo wanastahili. Lakini sisi tunaoishi chini ya Mlima Rungwe, kati ya chai na migomba ya Kisondela na Tukuyu, tumeizoea mvua kuliko bahari, na watoto wetu hudhani kwamba historia yetu katika nchi hii ilianzia kwenye kaunta ya duka. Kwa familia nyingi za Kigujarati historia hiyo ilianzia pwani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Basi kwa wale watakaojaaliwa kusafiri, tunaandika hapa mambo yafaayo kutazamwa huko, na sababu za kuyatazama.

Jambo la kwanza kuonekana ni upepo wenyewe. Zanzibar ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na ndio uliosukuma majahazi kutoka Mandvi, Mundra na Porbandar, yamesheheni nguo, mchele na vyombo. Kusi hushika baada ya hapo hadi Septemba, nao ndio uliowarudisha, wakiwa na pembe za ndovu na karafuu. Katikati ya pepo hizo mfanyabiashara hakuwa na budi kungoja miezi mingi. Katika kungoja huko alikodi chumba, akajifunza Kiswahili, akafungua duka, na mwisho wengine hawakurudi tena. Bahati nzuri likizo za shule zetu huangukia Juni na Desemba. Mtoto akienda mara mbili atazijua pepo zote mbili. Aketi Forodhani jioni, aangalie mashua na ngalawa zikirejea, na wakati huo ale urojo wenye bajia na kachori, chakula ambacho hata familia isiyokula nyama yaweza kukifurahia ikiomba kisitiwe mishkaki.

Jina la Forodhani lenyewe ni somo, kwa kuwa forodha ni mahali pa kutozea ushuru. Seyyid Said alipoifanya Zanzibar makao yake, ukusanyaji wa ushuru ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch. Nyumba hiyo ilimlipa Sultani kiasi walichopatana kila mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Kwa miaka mingi mzigo haukupita bandarini pasipo karani wa Kihindu kuuandika daftarini. Waswahili waliwaita Mabaniani, na methali ikabaki mpaka leo: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tusiichukie methali hiyo. Imesema kwa maneno machache namna tulivyohitajiwa na namna tulivyotazamwa.

Jirani na hapo lipo jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Barghash huyo aliujua ubaya wa upepo kuliko wengi. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu zake na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, ilhali Pemba ilinusurika. Madeni ya mashamba yaliyokuwa yameandikwa katika madaftari ya Wahindi yakawa mazito zaidi tangu siku hiyo.

Kutoka Forodhani twende Mkunazini, na hapa tunawaomba wazazi wasiharakishe. Lipo Kanisa Kuu la Anglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, katika uwanja uliokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni mwaka huohuo, baada ya Barghash kutia sahihi mkataba na Waingereza. Uani yapo masanamu ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998: watu wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni.

Mtoto wetu atauliza: sisi tulikuwa wapi? Ajibiwe kweli. Daftari lile la forodha liliandika pia ushuru wa watumwa walioletwa kutoka Kilwa. Fedha za Wahindi, Wahindu na Waislamu, ziligharimia misafara iliyokwenda bara. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi wa Zanzibar kuwaacha huru watumwa waliowamiliki, na waliofunguliwa walikuwa maelfu. Wengi waliopitishwa Kilwa walitoka nchi za Ziwa Nyasa, ziwa lilelile linaloonekana kutoka miinuko ya Tukuyu siku ya anga safi. Jirani zao ndio jirani zetu. Wajukuu wao huingia madukani mwetu na kutusalimu. Ajibiwe pia kwamba sehemu ya uwanja wa soko ilitolewa kwa kanisa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Zawadi hiyo haifuti deni la wengine, lakini yaonyesha kwamba hata wakati ule mtu aliweza kuchagua.

Baada ya Mkunazini, matembezi mengine ni mepesi. Katika mitaa ya maduka karibu na Darajani mtoto ahesabu milango ya Kigujarati, yenye vipande vidogo vya mraba na iliyoundwa kukunjwa, aitofautishe na ile mikubwa ya nakshi. Ufukweni aitazame dispensari ya zamani yenye roshani za mbao, iliyoanzishwa kwa fedha za Taria Topan. Kisha waende Hurumzi, ambako hekalu lingali likitumika. Wavue viatu, wapige kengele, wapokee prasad. Waumini wa huko ni wachache, maana wengi walihama baada ya Mapinduzi ya 1964, na mgeni kutoka bara huwafariji.

Wazee wetu walipenda kusema kwamba upepo ndio uliotuleta. Ni kweli, lakini upepo haukuandika madaftari. Yaliyoandikwa humo, mema na ya aibu, yaliandikwa kwa mikono ya watu wenye majina kama yetu. Hekalu tunaloliadhimisha limejengwa katika ardhi ya watu waliotupokea bila kutudai hesabu ya zamani. Basi tuwafundishe watoto kuijua hesabu hiyo wenyewe, ili wanapofungua duka asubuhi na kuwasha taa ya ibada jioni, wapime kwa mizani iliyo sawa.