Cheti cha Baharia

Kabla ya mwaka 1978, cheti cha baharia kilitegemea kipimo cha serikali iliyokitoa. Bandari ya ugenini haikuwa na cha kukipimia. Mwaka huo, mjini London, mataifa yalifanya mkataba wa kuweka kipimo kimoja. Lakini kipimo pasipo walimu ni kitu gani? Bwana C. P. Srivastava wa India, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Bahari, alilitambua jambo hilo. Mwaka 1983 kikafunguliwa chuo kikuu Malmö, Sweden, kufundisha walimu na wakaguzi, hasa wa nchi changa. Hata hivyo mkataba uliiachia kila serikali kujiamulia kama imeridhika na mafunzo yake (udhaifu mkubwa, kwa maoni yangu), mpaka marekebisho ya 1995 yalipozilazimisha kupeleka ushahidi mbele ya wenzao.